Kitufe kiko juu kabisa, dole gumba liko chini: hivi tunawadizainia watu au kompyuta?

FundiMtoro:
Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, nikaona nilimwage hapa maana humu kuna madizaina, kuna wanaoandika programu, na kuna watumiaji wa kawaida ambao ndio wenye mali yao.

Iko hivi, nina apu yangu ya vikumbusho na orodha za kazi, niliitengeneza kipindi najifunza na ikapata watu kiasi chake. Mpangilio wake niliunyofoa moja kwa moja kwenye toleo la kompyuta, yaani menyu juu kushoto (ile ya mistari mitatu), kitufe cha kuhifadhi juu kulia, kutafuta pembeni yake, halafu huku chini kote ni orodha tu. Machoni pangu ilikuwa safi, nilikuwa najisifia kabisa.

Juzi nikampa bi mkubwa simu nikamwambia hebu andika kikumbusho kimoja, mimi nikakaa pembeni kimya. Mkono wa kushoto ameshika miwani, simu iko mkono wa kulia. Kuandika kaandika vizuri tu. Ikafika kwenye kuhifadhi. Dole gumba likapanda, likaishia katikati ya kioo. Akaiachia simu ishuke kidogo kwenye kiganja, ikawa imekalia kidole cha mwisho, inayumba, akajinyoosha tena, na lile nofu la chini ya dole gumba likagusa kioo likafungua kikumbusho kingine kabisa. Kurudi nyuma, alichoandika kimepotea. Akaweka miwani chini, akashika simu mikono miwili, akaanza upya, na safari hii akagusa "Futa" badala ya "Hifadhi" kwa sababu mimi mwenyewe kwa mikono yangu niliviweka jirani. Unajua alisema nini? "Mimi na hizi simu zenu hatupatani." Yaani kosa langu mimi, lawama kajibebesha yeye.

Sasa nataka nibomoe nijenge upya. Rafiki yangu mmoja anasema shusha kila kitu chini. Mwingine anasema vitufe ni mambo ya zamani, toa vyote, watu waswaipu tu (yaani watelezeshe kidole kwenye kioo). Wa tatu kasema mwambie mama anunue simu ndogo, huyo nimempiga bloku. Nyie mnaonaje? Nianzie wapi?

MchoraVioo:
Kwanza hongera kwa kukaa kimya ukaangalia, wengi wetu mtu akikwama sekunde mbili tu tunamrukia "bonyeza hapo juu" na jaribio limeshakufa.

Mkuu ukitaka kuelewa kwa nini vitu vyote vinakimbilia kona za juu rudi kwenye mausi. Kuna kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, kabla hata mausi yenyewe haijabuniwa, kwa lugha nyepesi inasema kitu kikiwa mbali na kikiwa kidogo kinachelewa kufikiwa. Sasa kwenye kompyuta kona ya kioo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, kwa sababu mshale ukifika ukingoni unagota, hauendi kokote, unaweza kuisukuma mausi kwa fujo bila kuangalia na bado mshale ukatua palepale. Ndiyo maana menyu na vitufe vya kufunga viliwekwa kwenye kingo, watu walifikiria. Ila kidole hakigoti. Kikifika ukingoni kinapitiliza kinaangukia kwenye kava. Kwa hiyo tulichukua mahali palipokuwa rahisi kuliko kwingine kote tukapahamishia kwenye kifaa ambako ndipo pagumu kuliko kwingine kote, na hakuna aliyeuliza swali.

Hata hiyo mistari yako mitatu unayoiona ya kisasa, ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya Xerox Star, kompyuta ya mezani ya mwaka 1981. Ni kongwe kuliko nusu ya wachangiaji humu.

Halafu kuna kitu cha pili watu wanakisahau. iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Kwenye inchi 3.5 dole gumba linafika karibu kila mahali, kwa hiyo kuweka kitufe juu kulia hakukuwa dhambi. Baadaye vioo vikakua, vikakua, leo inchi 6 na ushee ni simu ya kawaida, lakini mpangilio ukabaki uleule wa kioo kidogo, ukavutwa tu. Apple wenyewe 2014 walipotoa iPhone 6 na 6 Plus ya inchi 5.5 ilibidi waweke ujanja wa kugusa kitufe cha Home mara mbili ili kioo chote kiteremke ufikie vya juu. Mimi huwa nacheka, yaani badala ya kushusha kitufe wanashusha nyumba nzima. Samsung mwaka 2018 walipotangaza One UI, mwonekano mpya wa simu zao, wakaja na akili nyingine, sehemu ya juu ni ya kusomea, kichwa cha habari kikubwa na nafasi, vya kugusa vinaanzia katikati kwenda chini. Na 2021 Safari, kivinjari cha iPhone, ikashusha sehemu ya kuandika anwani ikaja chini, watu walilalamika weee, mwishoni wakapewa uhuru wa kuirudisha juu.

Kwa hiyo jibu langu kwako, juu pa macho, chini pa kidole. Anzia hapo.

KidoleKimoja:
Nakubaliana na MchoraVioo ila msiugeuze mkono mmoja kuwa dini. Mtafiti wa matumizi ya simu Steven Hoober mwaka 2013 alichapisha matokeo ya kuwaangalia watu hadharani wakitumia simu, matukio 1,333, na kwa wale waliokuwa wanagusa kioo ilikuwa 49% mkono mmoja, 36% simu iko mkono huu inaguswa na ule, 15% mikono miwili yote inafanya kazi. Watu wananukuu ile 49 wanaishia hapo. Jambo kubwa zaidi alilosema ni kwamba mtu habaki na mshiko mmoja, anabadilisha kila baada ya muda kidogo kulingana na anachofanya, kama alivyobadilisha mama yako ndani ya dakika moja. Na simu zenyewe tangu 2013 zimekua, sidhani hata hizo asilimia zingebaki vilevile leo.

Kwa hiyo usichore lile tao la dole gumba (eneo la kioo ambalo dole linafika) ukadhani umemaliza. Jiulize tu kitu gani mtu anakifanya mara 20 kwa siku, hicho ndicho kishuke. Mipangilio ambayo mtu anaifungua mara moja kwa mwezi iache hukohuko juu, tena ni vizuri ikae mbali.

Shoto_Original:
Kila mkisema "chini kulia" mnajua tupo wa kushoto? Hicho kitufe chenu cha kuelea cha kona ya chini kulia kwangu ni safari kama ya bi mkubwa, tena nikikinyooshea mkono kiganja kinafunika orodha yote sioni hata ninachofanya. Wekeni katikati au upana mzima, kazi kwisha.

FundiMtoro:
@Shoto_Original aisee hilo sikuliwaza kabisa, nilikuwa nishachora kona ya kulia 😅 nafuta.

@MchoraVioo nimekuelewa. Na hii ya kuswaipu je? Maana kusema kweli inavutia, vitufe vikitoka kioo kinakuwa cheupeee kizuri.

NyuziSaba:
Naomba nijibu hili la kuswaipu kwa sababu limewahi kuniumiza mwenyewe.

Kuswaipu ni tamu kwa mtu anayejua. Shida yake haionekani. Kitufe kinasema "niko hapa", kuswaipu hakusemi kitu, mtu lazima aambiwe au akutane nako kwa ajali. Donald Norman na Jakob Nielsen, magwiji wa urahisi wa kutumia vifaa, waliandika mwaka 2010 kabisa wakilalamika kwamba haya mambo ya kugusa yanarudisha nyuma yale ambayo kompyuta ilishayatatua, kama kuona ni nini unaweza kufanya na kuweza kutendua ulichokosea. Na hakuna makubaliano, kwenye apu moja ya barua pepe ukivuta kushoto barua inafutwa, nyingine inawekwa kwenye kumbukumbu, nyingine inafungua menyu. Mkono unajifunza tabia kwenye apu A unakuja kuharibu kwenye apu B.

Sasa la kwangu. Niliwahi kuandika apu ya kutazama picha, menyu yake ilikuwa inavutwa kutoka ukingo wa kushoto, enzi hizo kila mtu alifanya hivyo. Ikaja Android 10 mwaka 2019 na ile njia mpya ya kurudi nyuma kwa kuvuta kutoka ukingoni. Ukingo uleule! Mtu anavuta menyu, apu inafunga. Anavuta picha inayofuata akianzia pembeni kidogo, apu inafunga. Kila siku naletewa ujumbe "apu yako inajizima", mimi natafuta kosa kwenye programu usiku kucha, kumbe haijizimi, inatii. Mfumo wa simu umeshajichukulia kingo, wewe umebakiwa na katikati, na katikati kuna kuskroli tayari.

Ushauri, weka kuswaipu kama njia ya mkato ya wazoefu, lakini kila kinachofanyika kwa kuswaipu kiwe na kitufe chake kinachoonekana mahali fulani. Na kitu cha kufuta usikilinde kwa kuuliza "una uhakika?", watu wanabonyeza ndiyo bila kusoma. Futa, halafu onyesha chini kabisa kitufe kikubwa cha "Tendua" kwa sekunde kadhaa. Bi mkubwa angekuwa na kitufe hicho asingeweka miwani chini.

mzee_wa_miwani:
Vijana mimi siandiki programu, natumia tu. Naomba niseme mawili.

La kwanza, mimi simu yangu nimekuza maandishi, macho yamechoka. Nikifungua apu nyingi kitufe kinachotakiwa kusema "Endelea" kinasema "Ende…" na cha pili yake kimesukumwa nje ya kioo hakionekani kabisa. Nimewahi kukaa na fomu moja nusu saa natafuta pa kutuma, kitufe kipo, ila kimezama chini ya kibodi na kibodi haitaki kushuka. Je, mnapojaribu kazi zenu hamkuzi maandishi hata mara moja?

La pili ni hiyo ya "bonyeza na ushikilie". Mkono wangu unatetemeka kidogo. Nikishikilia, kidole kinasogea, simu inadhani naskroli. Nikitaka kugusa tu, nachelewa kuinua kidole, simu inadhani nimeshikilia. Kwa hiyo nikitaka hiki napewa kile, na nikitaka kile napewa hiki.

KidoleKimoja:
Mzee shikamoo, hayo mawili yana uzito kuliko nusu ya makala za dizaini nilizosoma mwaka huu.

Kuhusu ukubwa, namba zipo na si siri. Apple wanasema angalau pointi 44 kwa 44, Google wanasema dp 48 kwa 48 (pointi na dp ni vipimo vyao vya ukubwa kwenye kioo), ukipima kwa rula yote mawili yanaangukia kwenye milimita 7 hadi 9 hivi. Miongozo ya W3C (shirika la viwango vya wavuti) ya kuwarahisishia watu wenye ulemavu, WCAG 2.2 ya mwaka 2023, kiwango chake cha chini ni pikseli za CSS (kipimo cha kurasa za wavuti) 24 kwa 24, au kikiwa kidogo zaidi basi kiachiane nafasi na jirani yake. Hiyo 24 ni ya kukuepusha na aibu tu, si lengo.

FundiMtoro:
Shikamoo mzee. Nimekuza maandishi kwenye yangu sasa hivi baada ya kukusoma. Naona aibu kusema nilichokiona.

Swali lakini, nikiweka vyote milimita 9 kioo si kitajaa vitufe? Itafanana na rimoti.

MchoraVioo:
Hapana, unachanganya kinachoonekana na kinachoguswa. Ikoni inaweza kuwa ndogo machoni, eneo la kugusika likawa kubwa kuizunguka bila mtu kuliona. Kibodi ya iPhone tangu mwanzo inafanya ujanja huo kwa herufi, ukishaandika herufi kadhaa inakisia inayofuata, na eneo la herufi hiyo linapanuka kimyakimya huku mchoro ukibaki uleule. Wewe unajiona unalenga vizuri, kumbe unasaidiwa.

Na kumbuka kidole si mshale. Mshale una ncha, unaona ulipo kabla hujabofya, na ukiusogeza juu ya kitu bila kubofya kinakupa maelezo. Kidole kina tumbo, kinafunika kilekile unachotaka kukiona, na hakina "kupita juu", ni kimegusa au hakijagusa. Kwa hiyo maelezo yote uliyokuwa umeyaficha kwenye kupitisha mausi, kwenye simu hayapo. Andika neno chini ya ikoni, neno moja tu. Nafasi ipo.

Kitu kingine kidogo, fanya tendo litokee mtu akiinua kidole, sio akigusa. Hapo akigundua amekosea anatelezesha kidole nje ya kitufe, anainua, hakuna kilichotokea. Watu wengi hawajui wanaifanya hii ila wanaifanya kila siku.

Bonyeza_Tu:
Mimi naona mnazunguka, tatizo ni kioo chenyewe. Kioo ni kioo, hakina mgongo wala shimo, kidole hakisomi kitu mpaka jicho liangalie. Jarida moja la magari la Sweden, Vi Bilägare, mwaka 2022 lilijaribu magari kwenye spidi ya kilomita 110 kwa saa, dereva afanye mambo manne ya kawaida kama kuwasha joto la kiti na kubadili stesheni ya redio. Volvo V70 ya 2005 yenye vitufe vya kubonyeza ilitumia sekunde 10. MG Marvel R yenye kioo kikubwa ilitumia sekunde 44.6. Piga hesabu gari limeenda mita ngapi jicho likiwa kwenye kioo. Ndiyo maana Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 hawatoi alama za juu kwa gari lisilo na vidhibiti halisi vya mambo kama indiketa, honi, waipa na taa za tahadhari.

NyuziSaba:
Mkuu mleta mada anatengeneza apu ya vikumbusho, wewe umetuletea waipa.

Bonyeza_Tu:
Naelewa, ila jambo ni lilelile. Mama ameshika miwani mkono mmoja, akili iko kwenye anachoandika, jicho halitaki kuhangaika. Kama kioo hakina cha kupapasa basi angalau kitu kisihame. Kitufe kikiwa chini katikati leo kiwe chini katikati kesho na kwenye kurasa zote, mkono utakariri wenyewe. Hizi apu kila apdeti zinahamisha fanicha. Na weka mtetemo kidogo kikishaguswa, mtu ajue kimeingia.

FundiMtoro:
Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita samahani kwa ukimya.

Nilichofanya, kabla ya kugusa programu nilichora kwenye karatasi nikakata kwa ukubwa halisi wa simu, nikaibandika juu ya simu yenye kava (kava muhimu, linaongeza unene na mkono unafika pungufu), nikawapa watu wakaguse kama wanaitumia. Karatasi imenionyesha makosa matatu kabla sijaandika mstari hata mmoja. Mojawapo ni hilo la Shoto, dada yangu naye ni wa kushoto na nimeishi naye miaka yote hiyo.

Sasa hivi Hifadhi iko chini, upana mzima. Futa imeondoka pale kabisa, ipo ndani ya kikumbusho chenyewe na ukifuta inakuja Tendua. Na kinachoandikwa kinajihifadhi chenyewe kila mara, kwa hiyo kusema ukweli Hifadhi imebaki ya kumtuliza mtu roho tu. Mistari mitatu nimeitoa, vitu vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vinne, nimevipanga chini vikiwa na maneno. Kuswaipu ipo ila kila inachofanya kina kitufe.

Kilichonishinda ni hiki. Ule ukanda wa chini sasa unaguswa kwa bahati mbaya. Mtu anataka kutoka kwenye apu, anavuta kutoka chini kwenda juu, na kidole kinaanzia juu ya kitufe changu cha katikati. Watu wawili kati ya sita imewatokea.

NyuziSaba:
Umeubana sana chini. Ule mstari mwembamba wa mfumo wa simu, wa kuvuta ili kutoka kwenye apu, una eneo lake, simu inakutajia urefu wake, usiukisie kwa namba yako mwenyewe maana kila simu una kimo chake. Pandisha ukanda juu ya eneo hilo, rangi ya nyuma iendelee mpaka chini ila pagusike juu tu. Na ile ya MchoraVioo ya kuinua kidole, hakikisha kidole kikishaanza kusogea kitufe kinajitoa chenyewe, kisisubiri mpaka kitoke nje ya mpaka wake.

FundiMtoro:
Nimeijaribu sasa hivi, imekaa. Naendelea kuiangalia.

Bi mkubwa kaijaribu jana usiku. Miwani mkononi kama kawaida, kikumbusho kimeandikwa, kimehifadhiwa, hakuna mkono uliobadilishwa. Nikasubiri nisikie sifa. Akaniambia rangi ya ule ukanda haipendi.

mzee_wa_miwani:
Muulize ni rangi gani. Kama ni ule ukijivu mwembamba mnaoupenda vijana, basi si kwamba haipendi, haisomi.